Treni ya TAZARA kwa wanaotoka Uganda: ushuke wapi njiani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wasafiri wanaoanzia Kampala, Jinja, Masaka au Mbarara, wanaotaka kupanda treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia na kushuka mahali fulani katikati wapumzike siku chache. Njia hiyo ina kilomita 1,860. Wengi huanza kwa kuuliza mji upi unapendeza. Ni bora kuuliza kwanza treni inafika mji huo saa ngapi, na inayofuata itapita lini. Mji unaweza kuwa mzuri kama nini, lakini ukiteremshwa hapo saa tisa usiku na mizigo yako, uzuri wake hautakusaidia.

Hivi hakuna treni ya abiria inayovuka mpaka kutoka Uganda yenyewe?

Kwa sasa hakuna. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, na mabehewa ya mizigo bado hupita Malaba, lakini abiria wa Kampala–Nairobi husafiri kwa basi. Reli mpya ya SGR, yaani reli ya kisasa yenye njia pana, ya Malaba–Kampala, kilomita 272, ilitiwa saini na kampuni ya Yapi Merkezi mwezi Oktoba 2024. Hiyo ni ya kungojea. Treni ya Nairobi–Mombasa ni nzuri, ila huanza na kuisha ndani ya Kenya. Anayetaka kulala behewani na kugongewa muhuri wa nchi nyingine bila kuteremsha mizigo, TAZARA ndiyo iliyo karibu naye.

Nifikeje Dar es Salaam?

Njia inayotupendeza ni ya Mutukula: Kampala, Masaka, Mutukula, Bukoba, kisha barabara ya Kahama, Nzega na Singida hadi Dodoma. Shuka Dodoma, usiendelee na basi. Kutoka hapo SGR ya Tanzania, iliyoanza safari za Dar–Dodoma mwezi Julai 2024, hukufikisha Dar kwa takriban saa nne, nawe utakuwa umenyoosha mgongo. Mwenye muda anaweza kulala Bukoba, akavuka ziwa kwa meli ya usiku hadi Mwanza, kisha akapanda basi au treni ya zamani ya reli ya kati.

Njia ya Nairobi na Arusha nayo inafaa, hasa kwa wanaotoka Jinja, Mbale au Tororo. Lakini utavuka mipaka miwili kabla hujaiona TAZARA.

Jambo moja huwakosesha watu treni: stesheni ya TAZARA siyo ya SGR wala ile ya zamani ya reli ya kati. Hizo mbili ziko katikati ya jiji. TAZARA iko mbali kidogo, kwenye Barabara ya Nyerere, njia ya kwenda uwanja wa ndege, karibu na makutano ya Barabara ya Mandela. Ukimwambia dereva wa bajaji "stesheni" peke yake, atakupeleka katikati ya jiji. Mwambie "TAZARA".

Kwa nini treni ya Mwanza au Dodoma isiunganishwe na TAZARA moja kwa moja?

Upana wa reli ni tofauti. Reli ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, sawa na reli ya zamani ya Uganda. TAZARA, iliyojengwa kwa mkopo na mafundi wa China kuanzia 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976, ina milimita 1,067, upana wa reli za kusini mwa Afrika. Hizo mbili hukutana Kidatu, na mizigo huhamishwa pale. SGR ina upana wake wa tatu, milimita 1,435. Kwa abiria maana yake ni moja: lazima ubadilishe stesheni, kwa hiyo weka usiku mmoja Dar katikati.

Treni hupita siku zipi?

Kwa miaka mingi ratiba imekuwa na treni mbili kwa wiki kila upande. Kutoka Dar, treni ya kawaida iitwayo Kilimanjaro huondoka Jumanne mapema alasiri, na ile ya haraka iitwayo Mukuba huondoka Ijumaa mwishoni mwa alasiri. Kutoka New Kapiri Mposhi, Mukuba huondoka Jumanne na Kilimanjaro Ijumaa.

Tafadhali soma sentensi hii mara mbili: piga simu stesheni ya Dar kabla hujakata tiketi ya basi Kampala, kisha piga tena siku ya kuondoka. Huduma ya abiria husimamishwa kila vichwa vya treni vinapopungua au daraja linapoharibika, na hapo nyuma imewahi kukaa wiki nyingi bila kurudi. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini makubaliano na kampuni ya Kichina ya CCECC ya kuikarabati njia yote. Ni habari njema, lakini palipo na ukarabati ratiba hubadilika.

Nikishuka njiani, nitakaa siku ngapi?

Ratiba ndiyo inayoamua, siyo wewe. Fanya hesabu kwa kituo cha Mbeya. Kilimanjaro ya Jumanne hufika Mbeya Jumatano. Mukuba ya Ijumaa hufika Jumamosi. Ukishuka Jumatano, inayofuata ni ya Jumamosi: usiku tatu. Ukishuka Jumamosi, utangoja hadi Jumatano: usiku nne. Hakuna usiku mmoja wala mbili, labda umalizie kwa basi. Vituo vya Zambia vina hesabu hiyo hiyo, ila siku husogea moja mbele kwa sababu treni huvuka mpaka jioni na kuingia ndani ya Zambia usiku.

Mwenye likizo ya wiki moja kutoka Kampala na kurudi asijaribu. Safari hii na pumziko moja, kwenda tu, inakula siku tisa, na bado hujarudi nyumbani.

Nianze na treni ipi kati ya hizo mbili?

Wengi hukimbilia Mukuba kwa sababu ya neno "haraka". Ikiwa unashuka Mbeya, sisi tunashauri kinyume: anza na Kilimanjaro ya Jumanne, malizia na Mukuba ya Jumamosi. Sababu ziko tatu.

Kwanza, Kilimanjaro huondoka Dar mapema, kwa hiyo una nafasi ya kuingia ukingo wa Hifadhi ya Nyerere, eneo lililokuwa sehemu ya Selous, kabla jua halijazama. Twiga, swala na tembo huonekana kutoka dirishani, japo hakuna anayeweza kukuahidi. Mukuba hupita hapo giza limeshaingia.

Pili, utangoja Mbeya usiku tatu badala ya nne.

Tatu, na hii ndiyo nzito: Mukuba hupangwa kufika New Kapiri Mposhi Jumapili karibu saa saba na nusu mchana. Hata ikichelewa saa nne, bado kuna mwanga na unaweza kupata gari la Lusaka. Kilimanjaro hupangwa kufika jioni, na ikichelewa unaingia Kapiri usiku wa manane, mahali ambapo hungependa kutafuta malazi saa hizo.

Kwa kalenda inakuwa hivi: Jumamosi unaondoka Kampala, Jumapili usiku unalala Dodoma, Jumatatu SGR na kulala Dar, Jumanne TAZARA, Jumatano mchana Mbeya, Jumamosi mchana unapanda Mukuba, Jumapili mchana Kapiri. Basi likikwama Mutukula nusu siku, ratiba hii bado inasimama. Ukitoka Kampala Jumapili, haisimami.

Kwa nini kila mtu anasema Mbeya?

Kwa sababu treni zote, za kwenda na za kurudi, hupangwa kupita Mbeya mchana, kati ya saa saba na saa tisa hivi. Hakuna kituo kingine kikubwa njiani chenye bahati hiyo kwa treni zote nne. Treni ikichelewa saa tano, bado bajaji zipo nje. Pia Mbeya iko karibu na nusu ya njia, na ni mji mkubwa wenye benki, hospitali, soko na malazi ya kila bei. Kilomita chache kutoka mjini, Uyole, ndipo reli inapofikia kimo chake cha juu kabisa, karibu mita 1,790.

Kimo hicho kina baridi yake. Juni hadi Agosti Mbeya ni kama Kabale: usiku unataka koti na soksi. Watu wa Kampala hufika na fulana moja wakidhani wanaelekea Dar nyingine.

Stesheni iko nje ya mji, upande wa barabara ya Tunduma. Panda bajaji au daladala. Wanaokimbilia begi lako ukishuka hawana kazi rasmi pale; beba mwenyewe hadi nje ya geti, kisha patana bei.

Usiku tatu Mbeya nifanye nini?

Siku ya kwanza, yaani mchana wa kufika, usipange kitu. Kuoga, kula na kulala vinatosha. Nenda pia dirisha la tiketi kuthibitisha kitanda chako cha Jumamosi kabla hujaondoka stesheni. Ukiliacha hilo, kesho yake itakulazimu kulipia usafiri wa kurudi huko.

Siku ya pili ni ya Ziwa Ngozi. Panda daladala la Tukuyu, shuka Isongole, chukua bodaboda hadi mwanzo wa njia ya miguu, kisha panda msituni na mtu wa pale anayeijua njia. Mwisho wake unasimama kwenye ukingo wa kasoko, yaani shimo la volkano, na ziwa la kijani liko chini yako. Mvua ikinyesha udongo huteleza vibaya, kwa hiyo vaa viatu vyenye meno na uanze asubuhi, kwa sababu ukungu hushuka mchana na kuficha ziwa lote.

Siku ya tatu chagua moja. Kwa anayependa maua, Hifadhi ya Kitulo huwa nayo kati ya Novemba na Aprili. Lakini miezi hiyo ndiyo ya mvua, barabara ya kupanda kutoka Chimala ina kona 57, na gari dogo halitoshi. Kwa anayetaka siku nyepesi, nenda Tukuyu ukaone Daraja la Mungu, daraja la mwamba juu ya mto, na upite katikati ya mashamba ya chai na migomba. Mganda atajisikia nyumbani: wenyeji wa Rungwe huitegemea ndizi ya kupika kama Masaka inavyotegemea matoke. Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ni pazuri kuliko vyote hivi, lakini inataka usiku mbili kamili, kwa hiyo itakubidi uondoke siku ile ile ya kufika badala ya kupumzika. Ukienda Matema, achana na Ngozi, na urudi Mbeya Ijumaa, siyo Jumamosi asubuhi.

Vipi nikishuka kabla ya Mbeya, pale Mang'ula au Ifakara?

Mang'ula ndiko lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, na njia za kutembea zinaanzia karibu kabisa na kijiji. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa takriban mita 170, ni ya kutwa moja kwa miguu. Kwa mpenda misitu, hapa pana mengi kuliko Mbeya.

Tatizo ni lile lile la saa. Treni kutoka Dar hupita bonde la Kilombero usiku, na ile ya haraka haisimami kila kituo kidogo. Panda Kilimanjaro, muulize mkata tiketi kwa kinywa chake kama inasimama Mang'ula, na panga mapema mtu wa nyumba ya wageni aje kukupokea. Mwambie mhudumu wa behewa akuamshe. Vituo vidogo havina matangazo na treni husimama dakika chache tu. Bonde hili lina malaria nyingi, na mvua za Machi hadi Mei ndizo zinazokata reli mara kwa mara.

Hata usiposhuka, amka alfajiri. Kati ya Mlimba na Makambako reli hupanda ukingo wa bonde kwa kilomita 158 za madaraja na mahandaki. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu za urefu wa mita 50. Kwa ratiba, sehemu ya chini hupitwa gizani na ya juu kukipambazuka. Treni ikichelewa saa tatu nne unaiona yote. Ni mara moja tu katika safari hii ambapo kuchelewa kuna faida.

Nilale Tunduma au Nakonde ili nipumzike mpakani?

Hapana. Ni mji wa malori, foleni na wabadilisha fedha. Pita.

Na upande wa Zambia: Kasama, Mpika au Serenje?

Kasama ina maporomoko ya Chishimba na michoro ya kale ya miambani nje kidogo ya mji, na ndiko magari ya Mbala na Mpulungu, bandari ya Zambia kwenye Ziwa Tanganyika, yanakoanzia. Kwa anayetaka kuona maporomoko ya Kalambo, yenye urefu unaozidi mita 200, hapa ndipo pa kushuka. Lakini treni zote mbili za kutoka Dar hufika kati ya saa sita usiku na alfajiri. Weka nafasi ya malazi kabla, pamoja na gari la kukupokea. Ukikosa dereva, kaa ndani ya stesheni mpaka kuche. Usitembee na mizigo.

Mpika ni mji wa reli wenyewe, wenye karakana kubwa ya TAZARA. Kilimanjaro hupangwa kuufikia asubuhi, Mukuba kabla ya jua kuchomoza. Watu hushuka hapa kwa ajili ya jumba la kale la Shiwa Ng'andu na chemchemi za maji moto za Kapishya, au kwa ajili ya Hifadhi ya Luangwa Kaskazini. Vyote vinataka gari la kukodi na fedha ya kutosha. Asiye na gari, Mpika haimpi mengi.

Serenje ndiyo inayosahaulika, na hatukubaliani na kusahaulika kwake. Treni zote mbili za kutoka Dar hupangwa kupita mchana. Kutoka hapo unakwenda Hifadhi ya Kasanka, ambako kati ya Oktoba na Desemba mamilioni ya popo hukusanyika kwenye kipande kidogo cha msitu na kuruka wote jioni. Ni popo wa aina ile ile wanaoning'inia kwenye miti ya Bat Valley, pale Barabara ya Bombo, Kampala. Aliyezoea kuwaona mamia kwa maelfu juu ya Wandegeya atashangaa zaidi kuliko mgeni asiyewajua. Agiza gari la kukodi mapema, na kama si msimu wa popo, usishuke.

Tiketi moja inaniruhusu kushuka na kupanda tena?

Usitegemee hivyo. Nunua mbili: Dar–Mbeya na Mbeya–New Kapiri Mposhi. Kitanda huandikwa kwa jina, behewa na siku. Ukishuka, nafasi yako inauzwa kwa mwingine.

Tiketi ya pili ndiyo yenye shida. Nafasi za kupandia Mbeya hutegemea waliokwisha kupanda Dar, kwa hiyo omba zote mbili kwa pamoja Dar, ukiwa na karatasi yenye tarehe na namba ya treni. Ukiambiwa ya pili utaipata Mbeya, nenda dirishani siku ile ile ya kushuka. Soma tiketi kabla hujaondoka dirishani: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, na kituo cha kupandia. Tiketi inayosomeka "Dar–Kapiri" mikononi mwa mtu aliyepanda Mbeya huleta mabishano saa nane usiku.

Naweza kumalizia kwa basi nikichoka kungoja?

Ndiyo, na ni mpango mzuri wa akiba. Mbeya hadi Tunduma ni takriban kilomita 110, saa mbili hadi tatu kwa basi dogo. Unavuka kwa miguu kupitia kituo cha pamoja cha forodha, na Nakonde unapata mabasi ya Kasama, Mpika na Lusaka. Nakonde–Lusaka ni karibu kilomita 1,000, kwa hiyo usianze jioni. Weka fedha ya basi hilo kando tangu Kampala, kwenye bahasha yake, na usiiguse.

Treni huchelewa kiasi gani?

Saa tatu hadi sita ni kawaida. Siku nzima hutokea. Njia ni moja, kwa hiyo treni ya abiria hungoja ya mizigo ipishane nayo kituoni; kuna sehemu zenye mwendo uliopunguzwa kwa sababu ya hali ya reli; na kichwa kikiharibika porini, kingine huletwa kutoka mbali. Usikate tiketi ya ndege ya Lusaka kwa siku ile ile ya kufika Kapiri, wala ya kesho yake asubuhi. Weka siku mbili.

Nibebe hati gani?

Pasipoti. Wapo wanaovuka Mutukula kwa hati ya muda ya Afrika Mashariki, lakini Zambia haimo katika Jumuiya hiyo na hati hiyo haitakusaidia Nakonde. Hakikisha pasipoti ina angalau miezi sita na kurasa mbili tupu, na uthibitishe masharti ya viza ya Zambia kwa uraia wako kabla ya safari.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayowaangusha Waganda wengi. Uganda imo katika orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo utaulizwa. Chanjo huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano na sasa hudumu maisha yote. Ukichanjwa Kampala siku ya kuondoka, kadi yako bado haina nguvu mpakani.

Ndani ya treni, maofisa wa uhamiaji wa Tanzania hupanda Tunduma na wa Zambia Nakonde. Kaa kwenye chumba chako mpaka upate mihuri yote miwili. Anayekwenda kutembea behewa la chakula wakati huo anaweza kuruka muhuri wa kutoka, na kosa hilo hujulikana akiwa anarudi.

Fedha nibadilishe wapi?

Shilingi ya Uganda ibadilishe yote Mutukula; ukishapita Bukoba ni vigumu kupata anayeitaka. Beba pia dola kidogo, noti safi zisizochanika. Kwacha utauziwa na wabadilishaji wanaoingia treni ikikaribia mpaka. Badilisha kiasi cha kula na kulala siku mbili tu, jua kiwango cha siku hiyo kabla, hesabu zao kwanza ndipo utoe zako. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye sarafu yake mwaka 2013 na ikatoa noti mpya tena mwaka 2025, hivyo noti za zamani zisizotumika humwangukia mgeni. Anayekuharakisha kwa kusema treni inaondoka, mwache aondoke yeye.

Saa hizi ni za wapi?

Uganda na Tanzania hutumia saa zile zile. Zambia iko nyuma kwa saa moja. Saa mbili usiku Tunduma ni saa moja usiku Nakonde. Tena, tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24: 13:50 ni saa saba na dakika hamsini mchana, siyo saa moja wala saa tatu. Ndani ya Zambia hakuna anayehesabu kama sisi; ukimwambia dereva wa Kasama "saa tatu asubuhi" kwa Kiingereza akasikia "tatu", atakuja alfajiri. Andika kwa tarakimu.

Nichukue daraja lipi?

La kwanza lina vitanda vinne kwa chumba, la pili vitanda sita, la tatu ni viti. Wanaume na wanawake hutenganishwa isipokuwa mmenunua chumba kizima, jambo linalofaa familia ya watu wanne. Kwa Dar–Mbeya la pili linatosha. Kwa safari ya pili, yenye mpaka jioni na usiku mzima ndani ya Zambia, la kwanza lina thamani ya nyongeza yake.

Usiku funga dirisha kila treni inaposimama, hata kama kuna joto. Wezi hunyoosha mkono kutoka nje. Kipande cha mti cha kukaza dirisha na kufuli dogo la begi ni vitu viwili vyenye kazi kubwa. Simu isichajiwe mezani karibu na dirisha. Na usipige picha za madaraja, stesheni au maofisa bila kuuliza.

Chakula na maji?

Behewa la chakula huuza wali au ugali kwa kuku, samaki au nyama, na hukwisha wakati mwingine. Beba lita tatu za maji kwa mtu hadi Mbeya, karatasi za chooni, sabuni, tochi na betri ya akiba ya simu. Vituoni utauziwa ndizi, mahindi, mayai na karanga dirishani. Beba fedha ndogondogo.

Rolex ya Kampala, chapati iliyokunjiwa mayai, itaharibika kabla ya Singida, ila chapati kavu hudumu. Na acha kavera zote upande wa Uganda. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Juni 1, 2019, na hukaguliwa mpakani. Funga vitu kwa kitambaa au kikapu.

Kiswahili kitanifikisha wapi?

Hadi Nakonde bila shida, na kwa wafanyakazi wengi wa reli hata mbele ya hapo. Kutoka Kasama kwenda kusini ni Kibemba na Kiingereza. "Mwapoleni" ni salamu, "natotela" ni asante, na maneno hayo mawili hufungua milango mingi.

Nikirudi, nishuke pale pale?

Unaweza kubadilisha. Mukuba ya Jumanne kutoka Kapiri hupita Zambia usiku, kwa hiyo Serenje, Mpika na Kasama zote hufikiwa gizani. Mbeya bado ni mchana wa Jumatano. Ukiamua kutoshuka kabisa, utakosa mwinuko wa Makambako–Mlimba kwa sababu ya usiku, lakini utaipita Hifadhi ya Nyerere Alhamisi asubuhi. Kaa dirishani kuanzia Kisaki. Ukitaka kukwepa Dar, shuka Mbeya na upande basi la Iringa hadi Dodoma, kisha Singida na Mutukula. Utaokoa karibu siku mbili, na kadi ya chanjo iweke juu ya begi, kwa sababu mpakani wataiuliza tena.